Imla ya Nyakato: Kishikwambi Kipimwe kwa Kalamu

Tahajia, yaani uandishi wa neno kwa herufi zake zilizokubaliwa na kwa mpangilio wake uliokubaliwa, ni sehemu ya somo la Kiingereza ambayo shule nyingi za msingi nchini Tanzania huifundisha kwa njia moja: mwalimu huandika maneno ubaoni, wanafunzi huyanakili daftarini, huyataja kwa sauti herufi baada ya herufi, na siku chache baadaye huandikishwa imla. Njia hiyo ni ya zamani na imewafikisha mbali wengi walioipitia. Hata hivyo, tangu walimu wa shule za umma walipoanza kugawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, swali lililokuwa la shule za miji mikubwa na za kulipia limefika Nyakato, kata ya Manispaa ya Musoma, na limefika pia katika shule za Bunda na Butiama: je, chombo hicho humsaidia mtoto kuandika Kiingereza kwa usahihi, na mtu atajuaje kwamba kimemsaidia? Makala haya yanashughulika zaidi na nusu ya pili ya swali hilo, kwa sababu asiyejua namna ya kupima hana msingi wa kusema kwamba chombo kimefaa au hakikufaa.

Ugumu wa tahajia ya Kiingereza si kisingizio cha wanafunzi wavivu. Lugha hiyo ina herufi 26 zinazotakiwa kubeba sauti pambanuzi, ambazo wanaisimu huziita fonimu, zipatazo 44, kwa hiyo herufi moja hulazimika kubeba sauti kadhaa, na sauti moja huweza kuandikwa kwa njia nyingi. Sababu yake ni historia. William Caxton alipoanzisha uchapishaji huko Westminster mwaka 1476, matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalikuwa katikati ya mabadiliko makubwa yaliyoendelea kwa karne kadhaa, na vitabu vikayagandisha maandishi huku ndimi zikizidi kusogea. Herufi "k" ya neno "knee" ilitamkwa zamani, ikanyamaza kinywani, ikabaki karatasini. Wasomi nao waliongeza mzigo wao: neno "debt", ambalo Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa likiwa halina "b", lilitiwa herufi hiyo ili lifanane na asili yake ya Kilatini, "debitum", ingawa Waingereza hawakuitamka wakati wowote.

Kiswahili kilipita njia nyingine kabisa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja ya vitabu vya shule, wakati ambapo matamshi na maandishi yalikuwa bado yanafuatana hatua kwa hatua. Ndiyo maana mtoto aliyekwisha kuzijua silabi za Kiswahili huweza kuliandika neno ambalo hajapata kuliona, ilimradi amelisikia vizuri. Mtoto huyohuyo anapoingia katika Kiingereza akiwa na mazoea hayo, na ni mazoea mema, hukuta kwamba sikio peke yake halimtoshi tena, na mara nyingi hakuna anayemweleza kwa nini.

Tofauti kati ya lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa na zile zisizoandikwa hivyo imekwisha kupimwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha usomaji wa watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland walisoma kwa usahihi takriban maneno 98 katika kila maneno 100 yaliyo ya kawaida kwao, ilhali watoto wa Uskoti, waliokuwa wakijifunza kusoma Kiingereza ambacho ni lugha yao ya kila siku, walisoma maneno 34. Ikiwa mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza huhitaji muda mrefu hivyo, basi mtoto wa Nyakato, ambaye mara nyingi Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, anastahili subira kubwa zaidi, na pia anastahili mafundisho yanayomjua yeye ni nani.

Kusema lugha ya tatu si kutia chumvi. Ukanda huu wa mashariki ya Ziwa Victoria una lugha nyingi zilizosongamana katika eneo dogo: Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu, Kikabwa, Kisimbiti, Kijaluo na nyingine, na mtaa mmoja wa Musoma huweza kuwa na nyumba tano zenye lugha tano. Kiswahili huwaunganisha watoto wote uwanjani na darasani, kisha Kiingereza huja juu yake, nacho sasa huja mapema zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka somo hilo lianze darasa la kwanza, tofauti na utaratibu uliotangulia ambapo lilianza darasa la tatu. Kila lugha anayokuja nayo mtoto huacha alama katika daftari lake la Kiingereza. Kikurya hakina sauti "l", na wasemaji wake wengi huweka "r" mahali pake hata wanapozungumza Kiswahili, jambo ambalo watu wa Mara hulijua na hutaniana kwalo. Lakini katika imla ya Kiingereza utani huo huwa kosa, na "long" huandikwa "rong", "play" huwa "pray", na "collect" huwa "correct".

Kiswahili chenyewe pia huacha alama yake, kwa sababu kimekopa maneno mengi ya Kiingereza na kuyavika tahajia yake iliyo wazi. Mtoto amejua baiskeli, penseli na kabati miaka mingi kabla ya kukutana na "bicycle", "pencil" na "cupboard", hivyo anapoandikishwa neno la tatu akaandika "kabadi", hakuandika ovyo: amesikiliza, amechambua sauti, na kila sauti ameipa herufi yake kwa kufuata kanuni aliyofundishwa vizuri katika Kiswahili. Mwalimu anayetia alama ya mkato mwekundu na kupita amepoteza habari muhimu kuliko zote zilizomo katika daftari hilo. Kosa la tahajia ni ushahidi wa jinsi mtoto anavyosikia na anavyofikiri, na chombo chochote kinachodai kufundisha tahajia, kiwe chaki au kompyuta, kinapaswa kuulizwa kwanza kama kinaweza kuusoma ushahidi huo.

Vyombo vyenyewe vina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na historia hiyo ina matawi mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Tawi la kwanza ni la kusahihisha. Mwaka 1964 Fred Damerau, mtafiti wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalitokana na jambo moja kati ya manne: herufi moja imezidi, herufi moja imepungua, herufi moja imebadilishwa na nyingine, au herufi mbili jirani zimebadilishana nafasi. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa misingi ya programu za kukagua tahajia, ambazo leo zimo katika kila kishikwambi na kila simu janja. Tawi la pili ni la kufundisha, na mwanzo wake unaojulikana sana ni kifaa cha watoto kiitwacho Speak & Spell, kilichotolewa na kampuni ya Texas Instruments mwaka 1978: kilitamka neno kwa sauti iliyotengenezwa na mashine, mtoto akabonyeza herufi zake moja baada ya nyingine, kikamwambia kama amepatia au amekosea.

Kifaa cha tawi la kwanza huondoa kosa, na cha tawi la pili humtaka mtoto alikumbuke neno. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mwalimu, ingawa kwa mnunuzi vyote viwili huitwa teknolojia ya tahajia na huuzwa kwa jina moja. Mwanafunzi anayeandika insha kwenye kishikwambi chenye usahihishaji wa papo kwa papo, yaani utaratibu ambao programu hubadilisha neno mara tu linapoandikwa vibaya, huweza kutoa ukurasa usio na kosa hata moja bila kujua kuandika nusu ya maneno yaliyomo. Mtathmini akiutazama ukurasa huo atafurahi, lakini usahihi aliouona utakuwa wa programu na hautakuwa wa mtoto.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi kisahihishi kinavyoweza kumpoteza hasa mtoto wa Mara. Chukua mtoto anayetaka kusema kwa Kiingereza kwamba dada yake ana nywele ndefu na kwamba huteka maji kila asubuhi, naye akaandika: "My sister has rong hair and she corrects water every morning." Kisahihishi cha kawaida kitapiga mstari mwekundu chini ya "rong" na kupendekeza maneno yaliyo umbali wa herufi moja, kwa mujibu wa hesabu ya Damerau, na "wrong" liko umbali wa herufi moja kama lilivyo "long", kwa sababu moja limeongezewa herufi na jingine limebadilishiwa. Mtoto, ambaye sikioni mwake sauti ya neno ilianza na "r", ana kila sababu ya kuchagua "wrong", na dada yake atakuwa na nywele zenye makosa. Neno "corrects" halitapigwa mstari kabisa, maana ni neno halali la Kiingereza, ingawa sentensi sasa inadai kwamba msichana huyo husahihisha maji. Programu za miaka ya karibuni hutazama pia maneno jirani ili kukisia mwandishi alitaka kusema nini, na huenda zikaligundua kosa la pili. Hata hivyo hulirekebisha kimyakimya, na mtoto hajifunzi kwamba ulimi wake huchanganya sauti mbili ambazo Kiingereza huzitenga. Mwalimu wa Nyakato angelitambua kosa hilo kwa sekunde moja na angejua limetoka wapi, kwa sababu amelisikia maisha yake yote.

Jambo hilo linaonyesha kwamba hesabu iliyojengwa juu ya makosa ya watu wengine haiwezi kuchukuliwa jinsi ilivyo na kupewa watoto ambao makosa yao yana mizizi mingine, na kwamba tathmini iliyofanywa London au Chicago haitoshi kuwa cheti cha kuingilia Musoma. Kinachohitajika ni orodha ya makosa ya hapa, iliyokusanywa katika madaftari ya hapa, na kazi hiyo haihitaji umeme wala bando. Inahitaji walimu wawili au watatu wenye subira, rundo la madaftari, na karatasi yenye safu za kuainishia: makosa yatokanayo na "r" na "l", makosa yatokanayo na irabu, makosa ya maneno ya mkopo, makosa ya herufi zisizotamkwa, na makosa ya herufi zinazorudiwa.

Suala la irabu linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, maana hapo ndipo teknolojia ina jambo la kweli la kutoa. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza sanifu cha Uingereza kina irabu moja moja 12 mbali na zile zinazoungana. Matokeo yake ni kwamba katika matamshi ya Kiingereza yaliyozoeleka Tanzania, maneno "bad", "bud" na "bird" hukaribiana hadi kuwa kama neno moja. Mwalimu anapoyasoma kwa imla, mwanafunzi husikia sauti moja mara tatu na hana njia ya kujua lipi lina "a", lipi lina "u" na lipi lina "ir". Hapo imla hugeuka kuwa bahati nasibu. Mwalimu asilaumiwe kwa hilo, kwani naye alifundishwa na aliyefundishwa hivyohivyo. Kishikwambi kinachosoma neno kwa sauti iliyorekodiwa huweza kuzitenganisha sauti hizo, huweza kurudia mara 20 bila kuchoka wala kukasirika, na huweza kuwekwa mbele ya darasa zima kikiunganishwa na kipaza sauti kidogo. Hata hivyo, sikio lisilozoezwa halisikii tofauti kwa sababu tu tofauti ipo. Ni lazima mwalimu aitaje, aionyeshe kwa midomo na ulimi, na aiweke ndani ya sentensi ili maana isaidie pale sauti inaposhindwa. Inafaa kuongeza kwamba Kikurya kina irabu saba, kwa hiyo yako masikio katika madarasa ya Mara yaliyokwisha kuzoezwa nyumbani kutenga aina mbili za "e" na aina mbili za "o". Huo ni mtaji ambao hakuna kitabu cha kiada kinachoutumia.

Ushahidi wa vyombo vya kidijiti shuleni umekusanywa kwa miaka mingi sasa, na sehemu yake nzuri imekusanywa karibu na hapa. Kutoka mbali huja onyo la Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliohusisha shule 319, haukuona dalili kwamba watoto hao walipata maendeleo katika hisabati au lugha kuliko wenzao wasiopewa. Kompyuta zilikuwapo na zilitumika. Kilichokosekana ni mpango wa kuziingiza katika ufundishaji.

Tanga ilitoa habari ya kutia moyo zaidi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania, ili ionekane kama mtoto aliye mbali na shule anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu akiwa na programu tu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Walakini wanaoyatumia kama hoja ya kununua vishikwambi vya kufundishia tahajia ya Kiingereza wanaruka hatua moja muhimu, kwa kuwa watoto wa Tanga walijifunza Kiswahili, lugha waliyoisikia kila siku na ambayo maandishi yake hufuata matamshi. Mtoto anayejua silabi za Kiswahili ana ufunguo wa maneno yote. Kwa Kiingereza ufunguo huo hufungua milango michache, na mingine humtaka akumbuke neno kwa sura yake, maana yake na historia yake.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Nyakato, kwa maana zote mbili za ukaribu, umetoka Kisumu, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa lilelile. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walijaribu katika shule za msingi za huko njia tatu za kutumia vyombo vya kidijiti kufundishia kusoma Kiingereza na Kiswahili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Katika kundi la kwanza wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Katika kundi la pili walimu walipewa vishikwambi. Katika kundi la tatu vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozunguka mashuleni kuwatembelea walimu darasani, kuwatazama wakifundisha na kuwashauri. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, lakini tofauti kati ya kundi na kundi haikuwa ya kutiliwa maanani. Kwa kuwa kumpa mkufunzi mmoja kishikwambi ni rahisi mara nyingi kuliko kumpa kila mtoto kifaa chake, uamuzi ulikuwa dhahiri, na mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza nchini Kenya mwaka 2015 kabla ya matokeo hayo kuchapishwa, uliweka vishikwambi mikononi mwa wakufunzi. Utafiti huo ulipima kusoma zaidi ya kuandika, kwa hiyo haumalizi swali la tahajia. Unaonyesha, hata hivyo, mahali ambapo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

Tanzania inao watu wanaolingana na wakufunzi hao. Kila kata, Nyakato ikiwamo, ina Afisa Elimu Kata, na maofisa hao walipewa pikipiki na Serikali ili waweze kuzifikia shule. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayojulikana kwa kifupi chake cha MEWAKA, yameanzisha jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili masomo yao, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada ambayo kishikwambi huweza kuifungua. Mtu, usafiri, kikao na chombo vyote vipo. Kinachokosekana ni jambo la kujadili lililopimwa, na tahajia, kwa jinsi ilivyo rahisi kuhesabika, ingefaa kuwa la kwanza.

Kabla ya kufika kwenye upimaji huo, ni haki kutaja teknolojia moja iliyoathiri tahajia bila ya mtu kuikusudia hivyo. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kusahihisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa mashine inayosoma vidoa vilivyotiwa kivuli kwa penseli. Faida zake zilikuwa wazi, kwani mamia ya maelfu ya watahiniwa husahihishwa kwa haraka na bila upendeleo. Lakini mashine hiyo haisomi mwandiko, kwa hiyo maswali yakawa ya kuchagua, na mtoto aliyejua kulitambua neno lililoandikwa sawasawa hakuhitaji tena kuliandika yeye mwenyewe. Kutambua na kuandika ni kazi mbili tofauti za akili. Karibu kila msomaji wa Kiingereza anaweza kulitambua neno "necessary" na wengi husita wanapotakiwa kuliandika. Hata pale maswali machache ya kuandika yalipowekwa tena, sehemu kubwa ya mtihani ilibaki ya kuchagua, na shule hufundisha kile kinachotahiniwa. Yeyote anayetathmini teknolojia katika ufundishaji wa tahajia akaisahau mashine hiyo ya kusahihishia, ameacha nje chombo chenye nguvu kuliko vishikwambi vyote vya mkoa.

Mkono nao una sehemu yake katika kumbukumbu. Mwaka 2005 Marieke Longcamp na wenzake nchini Ufaransa waliwafundisha watoto wadogo herufi kwa njia mbili, wengine kwa kuziandika kwa mkono na wengine kwa kuzibonyeza kwenye kibodi, yaani ubao wa vitufe wa kompyuta. Watoto wakubwa kidogo kati yao waliozoezwa kwa mkono walizitambua herufi vizuri zaidi. Mkono unaochora umbo la neno hulipa neno njia ya pili ya kuingia akilini. Kwa sababu hiyo zoezi bora la kishikwambi ni lile ambalo sauti hutoka kwenye chombo na jibu hutoka kwenye kalamu: mtoto husikiliza, huandika daftarini, kisha hufunuliwa neno na kujisahihisha herufi kwa herufi. Zoezi la namna hiyo huhitaji kishikwambi kimoja kwa darasa zima, na huweza kufanyika hata umeme ukikatika mchana, ilimradi betri ilichajiwa usiku.

Utathmini wenyewe unaweza kufanywa na walimu wa Nyakato bila kusubiri mradi wala mfadhili. Maneno 20 huteuliwa kutoka kitabu cha kiada cha darasa husika, yakiwamo yenye "r" na "l", yenye irabu zinazochanganywa, na mawili matatu ambayo Kiswahili kimeyakopa. Imla ya kwanza huandikwa kabla ya somo lolote, ili ijulikane mtoto alianzia wapi. Mkondo mmoja hufundishwa kwa njia ya kawaida na mwingine kwa msaada wa kishikwambi, kwa muda uleule na, ikiwezekana, na mwalimu yuleyule. Imla ya pili huandikwa mwishoni mwa wiki, na imla ya tatu, ambayo ndiyo ya maana kuliko zote na ndiyo inayosahaulika kila mara, huandikwa baada ya wiki nne bila ya taarifa. Alama ya wiki ya kwanza huonyesha kilichokaririwa, na ya wiki ya tano huonyesha kilichobaki. Programu nyingi za kibiashara hujisifu kwa alama ya wiki ya kwanza, tena iliyopatikana kwenye kioo chao wenyewe, ambako mtoto huchagua herufi kutoka kundi dogo lililokwisha kuwekwa mbele yake. Alama hiyo haifai kukubaliwa na mwalimu wala na halmashauri. Pamoja na hesabu ya maneno yaliyopatiwa, makosa yaainishwe kila mara, kwa sababu mtoto aliyeandika "kabadi" mwezi Februari na "cubboard" mwezi Machi amekosea mara zote mbili, ila amesafiri mbali sana kati ya makosa hayo mawili.

Manispaa hii ina sababu ya pekee ya kulichukua suala hili kwa uzito. Katika Shule ya Msingi Mwisenge, humuhumu Musoma, Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934 akitokea Butiama, na mtu huyo baadaye aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa yeye alifika huko bila kompyuta, basi kompyuta hazina haja. Hoja hiyo ni dhaifu, maana shule ya wakati ule ilichukua watoto wachache na ya leo huwachukua wote, kama inavyopaswa, na mwalimu mwenye darasa lililofurika anahitaji kila msaada anaoweza kuupata. Chombo kinachomrudia mtoto neno mara 20 wakati mwalimu anakagua daftari la mwenzake ni msaada wa kweli, na kukikataa kwa ajili ya sifa za kale ni kuwadhulumu watoto.

Kwa hiyo walimu wa Nyakato, na wenzao wa Bunda na Butiama, wanaombwa wavitoe vishikwambi kabatini, wazime usahihishaji wa papo kwa papo, waweke humo sauti zilizorekodiwa za maneno ya wiki, na waandikishe imla tatu kama ilivyoelezwa, kisha wayapeleke madaftari hayo kwenye kikao cha jumuiya yao ya ujifunzaji badala ya kupeleka maoni matupu. Maofisa Elimu Kata wanaombwa wayakusanye matokeo na kuyalinganisha shule kwa shule, na halmashauri zinaombwa zisinunue programu yoyote ya tahajia kabla ya kuona imla ya wiki ya tano iliyoandikwa na watoto wa hapa. Mtoto anayejifunza leo ataingia kidato cha kwanza, ambako Biolojia, Kemia na Jiografia huandikwa kwa Kiingereza, naye ataziandika kwa mkono wake, katika chumba cha mtihani ambacho kishikwambi hakiruhusiwi kuingia.